Nilimchagulia Mjomba Risasi kwa Sauti ya Mtu Mwingine

Nilikaa kwenye ukuta pale Feri, nikala ngisi wa kukaanga, nikabana koo, nikakohoa kizee, halafu nikamrekodia mjomba wangu ushauri wa risasi kwa sauti ya mtu ambaye sikwenda kumwona. Basi. Hilo ndilo nililofanya. Halikufika hata dakika moja! Na mjomba leo ana mguu mmoja.

Nimeanza na hilo makusudi, ili msije mkanionea huruma katikati ya safari halafu mwisho mjute. Mkitaka kunitukana, anzeni sasa. Mimi nimeshaanza zamani.

Niko kidato cha tatu. Nyumbani ni Kariakoo, ghorofa ya pili, mama anauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye kizimba chake mtaa wa nyuma. Shuleni najulikana kwa kuiga sauti. Mwalimu mkuu namweza. Mwalimu wa kemia namweza mpaka anavyovuta kamasi kabla ya kuandika ubaoni. Darasa zima linalala chini kwa kicheko, mimi nakaa kimya kama siyo mimi. Nilijiona bingwa. Bingwa wa nini, sijui!

Sasa mjomba. Ni kaka wa mama, mkubwa wake, analima mihogo na mahindi huko kusini, mbali kabisa na lami. Ana bunduki moja ya leseni, mtutu mwembamba, inakula risasi ndogo. Ana kitabu chake cha kibali, anakitunza kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa. Msimu ukiruhusu anawinda swala au kulungu kwa kitoweo. Na nguruwe pori wakivamia mashamba, kijiji kizima kinakuja kugonga mlango wake.

Hapo ndipo penye kazi. Kwao watu karibu wote ni Waislamu kama sisi, na swala lazima umkute bado anapumua, umchinje. Masheikh wanaweza kubishana kuhusu bismillahi inayosomwa wakati wa kufyatua bunduki, lakini kijijini kwa mjomba mtu hali nyama ambayo hakuna aliyeona kisu kikipita. Kwa hiyo swala anamtaka alale chini, asife upesi. Nguruwe ni kinyume: hakuna wa kumla, hakuna wa kumgusa, anamtaka afe palepale, kwa sababu nguruwe aliyejeruhiwa ni shetani mwenye meno.

Mwenye bunduki kubwa anaweza kukosea kidogo na mambo yakaenda. Mwenye bunduki ndogo hana nafasi hiyo. Kila kitu kiko kwenye risasi anayoichagua. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua ya kwenye pedi tu, kwenye kibanda cha gemu Gerezani, ambako ukipigwa unasubiri sekunde tatu unafufuka.

Mjomba alikuja Dar mwenyewe, maana risasi hununuliwi na mtu mwingine. Alifika Ijumaa, kesho yake asubuhi alitakiwa apeleke kitabu chake kikagongwe mhuri, aende dukani mjini, na Jumapili alfajiri apande basi kurudi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mchekeshaji wa Bongo. Leo sitaki mchezo, nina kazi na wewe."

Akanieleza. Dukani kuna risasi za aina mbili zinazoingia kwenye bunduki yake. Moja nyepesi, ina ncha nyekundu ya plastiki, inakwenda kasi ya ajabu. Nyingine nzito, shaba tupu, haina mbwembwe. Zile alizozizoea zamani haziletwi tena. Hajui achukue ipi.

"Nenda kwa Mzee Likwata, Kigamboni," akasema. (Jina nimelibadilisha.) "Mwambie nina swala na nguruwe, bunduki ni ileile ndogo, nichague ipi. Mrekodi kwenye simu, unitumie. Nataka nisikie kwa mdomo wake."

Mzee Likwata alikuwa askari wa wanyamapori miaka hiyo, alipostaafu akahamia Kigamboni. Amefukuza nguruwe mashambani maisha yake yote, tena kwa bunduki ndogo kama ya mjomba. Ila milio ilimmaliza masikio. Ukimpigia simu anasema "Haloo! Haloo!" mpaka salio linakata. Lazima umfuate, umkalie usoni, upige kelele. Ndiyo maana nilitumwa.

Mjomba akanipa na ganda tupu la risasi nimwonyeshe Mzee, ajue ni bunduki ipi. Mama akanipa nauli ya pantoni ya kuvukia kwenda Kigamboni na ya kurudi, akaniambia, "Usipitie popote." Mama ananijua.

Nikapitia popote.

Nilikuwa na mshikaji wangu, tunamwita Mangi, kwao wana duka la jumla. Jumamosi hiyo tukapanda basi la mwendokasi mpaka Kivukoni. Kufika Magogoni, foleni ya pantoni imejaa hadi nje, jua linachoma, akina mama na madumu, pikipiki, mkokoteni wa vitanda. Mangi akasema, "Mwana, tukivuka hapa tunarudi saa kumi. Mechi ya mtaani je?"

Tukaenda kukaa pale Feri, soko la samaki. Harufu ya mafuta ya moto, ngisi wanarushwa kwenye karai. Nauli yote ikaingia tumboni. Tukiwa tunalamba vidole mjomba akapiga.

"Umefika kwa Mzee?"

"Ndiyo hapa tunavuka, mjomba!"

"Fanya haraka, niko mlangoni dukani."

Mangi akanitazama. "Utafanyaje?"

Nikamwambia, "Tulia uone kipaji."

Mzee Likwata namwiga tangu Idi ya mwaka juzi. Ana kikohozi cha vipande viwili, halafu anaburuta neno la kwanza kama anavuta kamba kisimani. Nikabonyeza kurekodi. Pantoni ikapiga honi kwa mbali, ikanisaidia. Nikasema:

"Mwaaanangu. Nyepesi. Nyepesi ndiyo yenyewe. Ile nzito ni ya tembo, wewe tembo unamtoa wapi? Nyepesi inaingia, inapasuka ndani kama bomu. Nguruwe anaanguka kabla hajasikia mlio. Swala analala chini, anakusubiri umsomee bismillahi. Nimemaliza."

Mangi alicheka mpaka ngisi akamtokea puani. Nikatuma.

Kwa nini nilisema nyepesi? Msiulize! Ina rangi nyekundu. Inakwenda kasi. Inapasuka. Kwa akili yangu ya gemu, hiyo ndiyo kali kuliko zote. Ningerusha shilingi juu ingekuwa afadhali, maana ningekuwa na nusu ya bahati.

Mjomba alirudi nyumbani saa kumi jioni na boksi zake, anang'aa. Mama akamwekea chai. Akatusimulia ya dukani, na kila neno lilikuwa kama ananipiga kibao.

"Yule kijana muuzaji kanibishia! Ananiambia, mzee wangu, hizi nyepesi ni za nyani na mbweha, kwa nguruwe zinapasukia kwenye ngozi, hazifiki ndani. Chukua nzito. Nikamwekea sauti ya Mzee Likwata. Nikamwambia, wewe unauza tu, huyu kaua nguruwe kabla baba yako hajaoa. Kanifungia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema! Boksi hazijafunguliwa, duka lina siku ya kesho, basi lina siku nyingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, mita mbili kutoka kwake, mdomo ninao.

Mama akaomba asikie sauti. Akasikiliza, akakunja uso. "Mbona leo hajaanza na lawama? Mzee huyu hawezi kufungua mdomo bila kulalamika kwamba hatumtembelei."

"Alikuwa anawahi msikitini," nikasema. Haraka, laini, bila kukwama. Uongo wa pili ulitoka mtamu kuliko wa kwanza.

Mjomba akanishika kichwani. "Huyu kijana kaivuka bahari kwa ajili yangu." Jamani!

Wiki mbili zikapita. Nikasahau, naapa nilisahau. Kisha siku moja nimekaa kizimbani kwa mama napanga zipu kwa rangi, mjomba akapiga. Mama akaweka spika.

"Nimezeeka, dada," mjomba akasema.

"Umezeeka nini tena?"

"Nimempiga swala begani, karibu kabisa, mtoto mdogo asingekosa. Akakimbia na miguu mitatu. Tumemkuta asubuhi amekufa, fisi wameshamfungua. Watu walishaandaa sufuria. Sijui mkono unatetemeka, sijui macho."

"Macho yako hayana kitu, kaka. Ni bahati mbaya."

"Kwenye bega kulikuwa na shimo la kuingiza ngumi, lakini ndani hakuna kitu. Kama aliyepigwa na jiwe."

Mimi nilijua. Sikujua mambo ya risasi, lakini nilijua yale maneno ya muuzaji wa dukani: zinapasukia kwenye ngozi. Mjomba alikuwa anaulaumu mkono wake uliolenga sawasawa. Nikaendelea kupanga zipu. Nyeusi na nyeusi, kijivu na kijivu.

Nilimsimulia Mangi shuleni. Nilitarajia acheke. Hakucheka.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambieje sasa?"

"Kwa mdomo. Si unao hata wa kuazima?"

Usiku na mchana nikaandika ujumbe, nikafuta. Nikaandika "Mjomba samahani kuna kitu", nikafuta. Nikajiambia swala mmoja siyo mwisho wa dunia, atawinda mwingine, atajifunza mwenyewe, atabadilisha risasi. Nikajiambia nikisema nitapigwa. Kupigwa! Ndicho nilichokuwa naogopa. Leo ningepanga foleni kuzilipia hizo fimbo.

Jumatano moja natoka shule, nakuta kizimba cha mama kimefungwa saa nane mchana. Tangu nizaliwe sijawahi kuona. Jirani yake, mama mmoja anayeuza vitambaa vya pazia, akaniambia, "Nenda nyumbani, mwanangu. Ni mjomba wako." Nikakimbia. Miguu ilijua.

Ilikuwa hivi. Nguruwe waliingia kwenye mihogo ya mjane mmoja jirani ya mjomba. Jua linaelekea kuzama, mjomba akaitwa. Akamwona dume kubwa, akampiga begani kama kawaida yake ya siku zote. Yule mnyama akapiga kelele, akaingia kichakani. Damu ikaonekana kwenye majani.

Sasa huko kwao, aliyejeruhi ndiye anayefuata. Hakuna wa kumwachia. Kichaka kile ndiko akina mama wanakopita asubuhi kuokota kuni, na ukimwacha mnyama mwenye kidonda mle, atakayeumizwa ni mtu ambaye hana hata habari. Kwa hiyo mjomba aliingia. Peke yake, kwa sababu bunduki ni moja.

Nguruwe hakuwa amekimbia. Alikuwa amegeuka, anasubiri. Akatokea ubavuni. Mjomba akampiga tena, karibu mpaka moshi ulimfika, tena begani, na risasi ikapasukia kwenye ile ngozi nene kama soli ya katambuga. Nguruwe hakusimama hata. Alimwangusha mjomba, akamrarua mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Wanakijiji ndio waliommaliza, kwa mapanga.

Pikipiki mpaka zahanati. Zahanati mpaka hospitali ya wilaya. Meno ya nguruwe ni machafu, kidonda kikaoza. Walipomleta Dar mguu ulikuwa na rangi ambayo sitaiandika. Wakaukata.

Nilikwenda kumwona na mama. Nilibeba hotpoti la uji. Mjomba alikuwa amepungua, amekaa ameegemea mto, shuka limelala tambarare pale ambapo panatakiwa pawe na mguu. Akanitania! "Mchekeshaji, nitolee moja basi, hapa wodini wanaboa." Nikasema nina mafua.

Siku ya tatu nikiwa pale na mama, Mzee Likwata akaingia. Mtoto wake alimvusha na pantoni. Kanzu, kofia, fimbo, kikohozi cha vipande viwili. Mimi nikatafuta mlango, lakini mlangoni ndipo aliposimama yeye.

Wakasalimiana kwa kelele, wodi nzima ikageuka. Mzee akakaa, akautazama ule mguu usiokuwepo, akatikisa kichwa.

"Ulimpiga na risasi gani?" akauliza.

"Ile uliyoniambia, Mzee!" mjomba akapaza sauti. "Ile nyepesi!"

"Aliyokuambia nani?"

"Wewe! Si ulinirekodia?"

"Mimi? Mimi sijaonana na wewe tangu msiba wa dada yako mkubwa. Na hakuna mtu aliyekuja kwangu."

Mjomba akacheka kidogo, kama anavyochekewa mzee aliyeanza kusahau. Akachukua simu yake, akaitafuta ile sauti, akaongeza mpaka mwisho, akamwekea Mzee sikioni. Mwaaanangu. Nyepesi. Nyepesi ndiyo yenyewe. Wodi nzima ilisikia. Honi ya pantoni ilisikika. Mwishoni kabisa, kama umetega sikio, kuna kicheko cha Mangi kinachoanza.

Mzee Likwata akasikiliza hadi mwisho. Akairudisha simu taratibu.

"Huyu siyo mimi," akasema. "Mimi nisingesema ujinga huu. Kwa bunduki yako ndogo unachukua nzito, ngumu, isiyopasuka mapema, kwa swala na kwa nguruwe. Swala unampiga nyuma ya bega, analala, unamwahi na kisu. Nguruwe humpigi begani na bunduki ile hata siku moja. Nyuma ya sikio. Hupati sikio, unamwacha aende akale mihogo. Hilo tu. Ningekwambia hilo tu."

Maneno machache namna hiyo! Ningevuka, ningeyarekodi, ningerudi. Hata ile mechi ningeiwahi kipindi cha pili.

Hakuna aliyenitaja jina. Hawakuhitaji. Mama alikuwa ameshaniangalia.

"Ni mimi," nikasema. "Sikuvuka. Nilikuwa Feri."

Mjomba hakupiga kelele. Ningeomba apige. Alisema, "Rudia."

"Mjomba?"

"Hiyo sauti. Irudie hapa. Nataka kujua kama ningeweza kutambua."

Nikasema siwezi. Akasema, "Rudia." Mzee Likwata amekaa pale pale, anatazama midomo yangu. Nikakohoa mara mbili. Nikasema, "Mwaaanangu. Nyepesi. Nyepesi ndiyo yenyewe." Ilitoka safi. Ilitoka safi kuliko siku ile! Mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakujua kinachoendelea akacheka.

Mjomba alikuwa amefumba macho. Akasema, "Nisingejua." Kisha akageukia ukutani.

Hakuna kilichonichoma kama hilo. Alikuwa anajikagua yeye, bado anatafuta kosa lake!

Sasa hivi mjomba yuko kwetu, anasubiri mguu wa bandia. Amelala chumbani kwangu, mimi nalala sebuleni. Kitabu chake cha kibali amempa mama akifungie kabatini. Shamba la mjane limeisha lote, na nguruwe wanaendelea kuja, kwa sababu hakuna mwingine pale kijijini mwenye bunduki. Wananipigia simu binamu zangu wananiuliza mjomba atarudi lini. Mzee Likwata nikimpa shikamoo anaipokea, lakini anaangalia pembeni. Shuleni wakiniambia "mwige mwalimu mkuu" najifanya sijasikia. Mangi amehamia dawati jingine.

Wewe unayesoma hapa, mwenye mdomo mtamu kama wangu: ukitumwa kuuliza kitu, kauliza. Ukiwa hujui, sema hujui, neno lenyewe fupi. Na kama umeshadanganya, wahi kabla boksi halijafunguliwa. Usisubiri upate maneno mazuri. Mimi niliyasubiri wiki nzima kizimbani, napanga zipu. Na nyinyi wenye bunduki ndogo, msikilizeni muuzaji, msiisikilize simu.

Mama hakunipiga. Hakunitukana. Alikaa siku tisa bila kunisemesha, ananipitia kama kiti. Ya kumi, mchana, alipakua ubwabwa na maharage, akaweka kwenye hotpoti, akanisogezea mbele yangu bila kuniangalia. Hivi ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Mpelekee mjomba wako. Akikuuliza kapika nani, mwambie mama. Akikuuliza kama mama amekusamehe, usinijibie. Mwambie aniulize mwenyewe."